Macho ya Kashindye, Mtoto wa Chatu

Ipuli, Tabora
14 Juni 1954

Shangazi yangu mpendwa,

Nina mtoto, na naogopa nimempofusha. Habari ya mtoto anaijua Babu peke yake. Habari ya macho yake hata Babu hajui. Wewe ndiye wa kwanza.

Naona nimeanza vibaya. Shikamoo, Shangazi. Nifikishie shikamoo yangu kwa Mjomba Tobias pia. Sisi hatujambo. Mama alikuwa na mafua, yameisha. Baba ni mzima; misheni wamempa baiskeli ya kuzungukia vijiji vyake vya katekisimu, kengele yake ni nzuri kuliko breki. Babu hajambo tangu ahamie kwetu baada ya Bibi kufariki, ila siku hizi haoni vizuri vitu vya karibu. Mimi tangu nimalize shule nipo tu nyumbani. Wageni wakija naingia jikoni. Jirani yetu Paskazia aliniuliza kama masista walinifundisha kusoma au kunyamaza.

Sasa habari yenyewe. Mtoto anaitwa Kashindye, jina amepewa na Babu. Bado mchanga kabisa. Babu amenikataza nisilitaje jina la ukoo wake, wala kwa mdomo wala kwa maandishi, mpaka siku atakapotolewa mbele ya watu. Wewe ni binti yake Babu, umezaliwa katika nyumba hiyo, kwa hiyo huhitaji kuelezwa ni wa ukoo gani.

Namlea ndani ya sanduku langu la shule, lile la bati ulilonipa. Nimelitoboa matundu kwa msumari apate hewa, na Baba akiwa nyumbani nalitia kufuli. Ni mpole mno, hajalia hata siku moja. Alikuwa anakula vizuri, mara moja kwa juma. Juzi nilimsafishia sanduku kwa sabuni ya kufulia, na baada ya hapo macho yake, ambayo yalikuwa meusi yanayong'aa, yakaanza kuwa na ukungu. Leo yote mawili yana rangi ya maziwa yaliyotiwa maji. Hali chakula, hataki kuguswa, na nikimsogelea anarudi nyuma kama asiyejua ni nani anayekuja.

Mwezi wa nane, mavuno yakiisha, Babu atamtoa mbele ya wazee wenzake. Mtoto asiyeona hawampokei, na Babu atapoteza nafasi yake kati yao, naye hana furaha nyingine tangu Bibi aondoke. Na Baba akimjua kabla ya siku hiyo, atamtoa nje siku hiyohiyo. Alishatamka kwamba kitu cha namna hiyo hakitaingia katika nyumba ya katekista.

Wewe uliwahi kufanya kazi kwa masista wa hospitali. Niambie nifanye nini. Barua hii ukiisha kuisoma, ichane.

Mwanao,
Veneranda


Ujiji
29 Juni 1954

Mwanangu Veneranda,

Marahaba. Sisi tu wazima, namshukuru Mungu. Mjomba wako anaumwa jino na hataki kung'olewa, kwa hiyo sote tunaumwa. Dagaa wamepatikana kwa wingi mwezi huu. Bi Mwamvita, jirani yangu, anakusalimu. Ndiye yule anayefuma sweta.

Barua yako niliisoma nimesimama, nikaketi. Silii, usidhani nalia. Wala sikuulizi baba yake ni nani. Babu anaujua ukoo wake, yatosha. Ila kama ni yule kijana wa posta aliyekuwa anakuchekea tulipokuja Pasaka, basi ningependa kujua, lakini sikuulizi.

Unasema nimezaliwa katika nyumba ya Babu. Ni kweli, lakini masista walinichukua ningali wa kubebwa mgongoni, na mambo ya nyumba ile siyajui sana. Najua ya hospitali. Huko kazi yangu ilikuwa kufua bendeji, lakini mtu hafui akiwa ameziba masikio, na haya nimeyasikia: macho ya mtoto mchanga yakiingia ukungu, yaoshwe kwa maji yaliyochemshwa na kutiwa chumvi kidogo, kisha atiwe matone ya maziwa ya mama. Yako mwenyewe, Vene, usiazime.

Na kwa jina la Mungu mtoe sandukuni. Mtoto halelewi kwenye bati kama sukari. Mweke kifuani pako apate joto. Na mara moja kwa juma ndiyo nini? Alishwe kila anapotaka. Nimempa gadi wa treni kopo la maziwa akuletee, endapo yako hayatoshi.

Kaka yangu sitamwambia. Nimeichana barua yako, vipande nimevitia jikoni.

Shangazi yako,
Eustadia


Ipuli, Tabora
16 Julai 1954

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Barua yako imechelewa kwa sababu gadi aliteremka Urambo kwenye harusi ya ndugu yake na kuisahau mfukoni. Tu wazima. Baba amejigonga goti kwa ile baiskeli. Mjomba apewe pole ya jino.

Nilijaribu yote uliyoniagiza, ila mengine sikuyaweza. Maji ya chumvi nilimtia. Akanikasirikia akageukia ukutani. Maziwa mimi sina, Shangazi, nilishangaa kidogo uliponiambia. Yale ya kopo aliyakataa, nikayanywa mwenyewe. Kumweka kifuani kulinipa hofu mara ya kwanza, lakini sasa nimezoea. Anajizungusha shingoni mwangu na kulala. Ana nguvu kuliko anavyoonekana.

Kuhusu yule kijana wa posta, sikuelewa ameingiaje humu. Hajui kama mtoto yupo. Nadhani akimwona atakimbia mpaka stesheni.

Sasa nina habari njema na habari mbaya. Njema ni kwamba ngozi imemtoka. Mwili mzima, kuanzia mdomoni. Mwaka huu pamekauka sana, midomo yetu wenyewe imepasuka, kwa hiyo haikutoka vizuri, ilitoka vipande vipande. Vingine nilimsaidia kuvibandua. Babu nilimpelekea avipapase. Alifurahi sana, akasema ndivyo wanavyokua watoto wa ukoo wao, na kwamba huyu atakuwa mkubwa kuliko wote aliowahi kuwa nao. Vipande vilivyo vizuri nimeviweka ndani ya kitabu changu cha hesabu visikunjike.

Jicho la kulia limefunguka, jeusi kama zamani. Basi kumbe halikuwa kosa la sabuni, ni ngozi iliyokuwa inajiandaa kutoka. Mbaya ni jicho la kushoto. Pale utando umebaki, umekauka na kung'ang'ania kama kipande cha karatasi kilichogandishwa. Upande huo haoni. Nilijaribu kwa ukucha, akashtuka, nikaacha. Babu sikumwambia. Ananiuliza kila siku, "Kashindye anaona?" nami nasema anaona, nikimaanisha jicho moja.

Ngoma ya mavuno ni Jumapili ya mwisho ya mwezi wa nane. Niombee. Barua uichane.

Mwanao,
Veneranda


Ujiji
27 Julai 1954

Mwanangu,

Salamu nyingi. Mjomba wako jino limeng'olewa, anatembea nalo ndani ya kiberiti na kuwaonyesha watu.

Nimesoma. Nitaandika kidogo tu kwa sababu macho yangu leo yana mafua.

Wanaume ndivyo walivyo, hukimbilia stesheni. Tusimtaje tena.

Lakini Babu nimeshindwa kumwelewa. Mtoto anatoka ngozi mwili mzima, na mtu mzima anafurahi? Na wewe unamsaidia kumbandua, kisha unaitia ngozi ya mwanao katika kitabu cha hesabu? Vene, ulikuwa mtoto mwenye akili. Nasema ni upweke uliokufikisha hapo, na kosa ni letu tuliokuacha peke yako.

Mtoto asiye na ngozi anaumwa na baridi. Katika kifurushi hiki mna kofia na soksi za sufu. Amezifuma Bi Mwamvita. Nilimwambia ni za mtoto wa fundi mmoja wa reli. Alinitazama sana, lakini alifuma. Mvalishe, kisha mpeleke hospitali, hata kama ni kwa kupita nyuma ya nyumba za watu. Lile jicho usiliguse kwa ukucha, nakusihi.

Shangazi yako,
Eustadia


Ipuli, Tabora
5 Agosti 1954

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Sote tu wazima. Kifurushi nimekipata nikakificha kwenye pipa la mtama.

Nakushukuru sana kwa kofia. Kashindye ameipenda mno. Analala ndani yake mchana kutwa na kutoa kichwa tu. Upande wa kulia anatazama vizuri, upande wa kushoto bado ni vilevile. Hospitali sikumpeleka, nadhani wangeita polisi.

Soksi ni nzuri, na Bi Mwamvita ana mkono hodari, lakini kama ujuavyo hana miguu. Basi nimezivaa mimi vidoleni usiku, maana baridi ya mwaka huu si ya mchezo.

Siku zinakwisha, Shangazi. Nikipita karibu na Babu ananiambia kwamba baada ya ngoma atakufa akiwa ametulia. Hasemi kwa huzuni, anasema kama mtu anayeagiza chai. Mimi narudi chumbani na kulitazama lile jicho.

Barua uichane.

Veneranda


Ujiji
13 Agosti 1954

Mwanangu, mwanangu,

Hana miguu. Na unaniandikia kwa utulivu hivyo, "kama ujuavyo". Nilijuaje?

Sikulaumu kwa lolote. Ni damu yetu, hata angekuwa hana mikono.

Kuna jambo nimelifanya asubuhi hii na sitakuambia ni lipi. Utalijua. Utanikasirikia, kisha siku moja utanisamehe.

Shangazi yako


Ipuli, Tabora
31 Agosti 1954

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo, na nyingine ya Mjomba, na nyingine ya Bi Mwamvita ambaye sijamwona lakini nina deni naye kubwa. Sote ni wazima kupita kiasi. Keti kwanza.

Jambo ulilolifanya tumelijua. Barua yako kwa Baba ilimfikia akitoka kanisani. Alienda nayo mfukoni siku kadhaa. Alikuwa hamalizi chakula. Alinitazama tukiwa mezani, nikadhani nimepaka unga usoni. Mara mbili alianza, "Vene..." akaishia kuomba chumvi. Mama alisema ni goti.

Siku ya Alhamisi, alasiri, Mama akiwa kisimani, Baba aliingia chumbani kwangu. Alikuwa amevaa koti lake la misa. Mkono mmoja alishika mshumaa, mwingine bakuli la maji, lile zuri la wageni. Aliketi ukingoni mwa kitanda, akasema kwa sauti ambayo hajaitumia kwangu tangu nilipokuwa mdogo.

"Mwanangu, shangazi yako ameniandikia. Yuko wapi mtoto?"

Nilihisi nimetuliwa gunia. Nilidhani umemweleza yote, nami sikuwa na nguvu tena za kuficha. Nikasema, "Yumo sandukuni, Baba."

Akafumba macho kidogo. "Ni mgonjwa sana?"

"Ni jicho la kushoto tu, Baba."

"Na miguu?"

Nilidhani anatania, ingawa hakuwa na uso wa utani. Nikasema, "Hana, Baba. Hawana kamwe."

Akafanya ishara ya msalaba. Alisema kwamba hata mimi alinipokea nikiwa mdogo kama kuku, na kwamba hatamfukuza mtu yeyote wa nyumba yake, na kwa kuwa mtoto ni dhaifu, yeye kama katekista ana ruhusa ya kumbatiza bila kungoja padri. Nilishangaa sana, Shangazi. Nilijua Baba ameanza kulainika, lakini sikujua ni kiasi hicho. Nikafungua kufuli, nikainua kifuniko.

Kashindye alitoa kichwa katika kofia na kumwonyesha Baba ulimi.

Bakuli lilimponyoka. Maji yote yakaingia sandukuni, mshumaa ukaanguka na kuzimika. Baba alibaki ameinua mikono yake hewani.

"Ni nyoka," akasema.

"Ndiyo, Baba. Ni Kashindye."

"Ni nyoka tu?"

"Ndiyo, Baba."

"Hakuna mwingine? Chini ya kitanda? Kwa Babu?"

"Hakuna, Baba. Ni huyu peke yake."

"Mungu asifiwe," Baba akasema, "ni nyoka." Akaanza kucheka. Sijawahi kumsikia akicheka hivyo. Alicheka mpaka akajifuta machozi kwa koti la misa. Mama aliporudi na maji kichwani alimwita kwa furaha, "Getruda, njoo uone, binti yetu ana nyoka," kama mtu anayetangaza mjukuu. Mama alitua ndoo, akatazama, akauliza kofia ile ameifuma nani.

Ndipo Baba aliponipa barua yako nisome. Nikaisoma. Kisha nikazirudia zote ulizoniandikia tangu Juni, nikianza na ya mwisho, mpaka pale pa maziwa. Nikajifunika shuka uso mzima, nikabaki humo hadi wakati wa chakula. Shangazi, nisamehe. Nilidhani kwa kuwa u binti wa Babu unajua kwamba katika chama chao cha Wayeye, wale wanaocheza na nyoka, mlezi hamtaji mtoto kwa jina la aina yake mpaka siku ya kutolewa. Mtoto akilisikia ataondoka. Nami nilikuwa makini sana nisikosee neno hilo moja, hata sikuona nimeyakosea mengine yote.

Nakuhakikishia kijana wa posta simjui hata jina.

Baba alipotulia alikumbuka kwamba yeye ni katekista. Akasema nyoka huyo awe ametoka ndani ya nyumba yake kabla ya Jumapili. Mama akamkumbusha kwamba ngoma ya Babu ni Jumapili hiyohiyo, kwa hiyo atatoka tu. Baba akafikiri, akaona hilo limetimiza agizo lake.

Sasa sikia kuhusu jicho. Ile sufu ya Bi Mwamvita ilinywa maji yote ya bakuli, ikawa nzito kama sifongo. Sikuwa na kofia nyingine ya kumpa, na ukimtoa anaitafuta, kwa hiyo nikamwacha ndani yake. Alikaa kwenye unyevu ule Ijumaa mchana kutwa, akawa anapita na kurudi, anasugua kichwa kwenye nyuzi kama anayejikuna. Jumamosi nilipofungua, macho yote mawili yalikuwa meusi yanang'aa. Utando niliukuta umenasa katika sufu, mdogo, mwembamba, wa duara, kama gamba la samaki wenu wa Ujiji. Kumbe alikosa unyevu tu, tangu mwanzo.

Nilimwambia Babu yote, na la jicho pia. Akauliza kama maji yale yalikuwa ya ubatizo. Baba akasema kutoka uani kwamba hayahesabiki, hakuwahi kutamka maneno. Babu akasema Kashindye yeye amehesabu. Na kuhusu Baba kutaja "nyoka" mara zote zile mbele yake, Babu alisema hakuna madhara, hakusikia kwa sababu ya kofia.

Jumapili tulikwenda. Watu walikuwa wengi, kutoka Ntalikwa mpaka Isikizya. Mzee mmoja wa Isikizya, mkali, alichukua unyoya na kuupitisha mbele ya macho ya Kashindye, kulia, kisha kushoto. Kashindye akaufuata, akaurudia, akaufuata tena. Mzee akatikisa kichwa kukubali. Babu alikuwa amenishika bega. Nilisikia mkono wake ukilegea.

Mimi nilidhani kazi yangu imekwisha, nikaanza kurudi nyuma ya Mama. Babu akasema, "Aliyemlea ndiye anayemtaja."

Hakuwa ameniambia hilo, Shangazi. Kama angeniambia nisingekwenda, naye alijua. Ngoma zikanyamaza. Nikasimama katikati ya watu wote wale, Kashindye akiwa amejizungusha shingoni, nikamwona Paskazia, nikaona hata yule wa posta. Nyuma kabisa alikuwepo Baba. Alikuwa ameinama juu ya baiskeli yake kama mtu aliyepata pancha akiwa njiani kwenda kwingine. Ulimi wangu ulikuwa mkavu kuliko lile jicho.

Nikasema, "Ni chatu."

Mzee wa Isikizya akaweka mkono sikioni.

"Ni chatu," nikasema tena, na safari hii nilijisikia mwenyewe, mpaka upande wa pili wa uwanja. "Ni chatu, anaitwa Kashindye, na anaona."

Kabla ngoma hazijaanza ilisikika kengele ya baiskeli. Pancha haipigi kengele.

Chatu, Shangazi. Chatu, chatu. Tangu Juni nilitaka kuliandika neno hili, na sasa naliona ni fupi kweli. Ningeliandika mwanzo tungepumzika sote, ila Kashindye asingepata kofia.

Barua hii usiichane. Msomee Mjomba, msomee Bi Mwamvita, na wale wengine uliowaambia, maana najua uliwaambia, wasomee kwa sauti.

Mwanao,
Veneranda binti Damas,
mlezi wa chatu